Sura ya Nne: Martini Iliyoganda

Chupa ilikuwa imelazwa kwenye sinia kama maiti inayosubiri ndugu zake. Ilipasuka kuanzia shingoni mpaka tumboni, na kilichokuwa ndani hakikumwagika kwa sababu kilikuwa barafu tupu, barafu ya rangi ya waridi iliyobaki na umbo la chupa katikati ya vipande vya kioo.

Mama Pua aliinama, akanusa.

Jina hilo alipewa forodhani, alikofanya kazi kabla ya kufungua ofisi yake ya upelelezi. Pombe hakuwahi kuionja maishani mwake, hata kwa ncha ya ulimi. Lakini pipa likiletwa limefungwa, yeye alikuwa akilizunguka mara moja tu na kusema lina nini, na wenye mali walianza kutoa jasho kabla kizibo hakijaguswa.

"Mama, unajionea mwenyewe," alisema mwenye nyumba. "Huu ni wizi."

"Naona imeganda, baba."

"Kuganda ndiko wizi wenyewe. Pombe kali haigandi kwenye friza ya nyumbani. Iache humo mpaka uisahau, itakuwa nzito kama mafuta ya kula, ila haigandi. Kinachoganda ni maji. Sasa maji yaliingiaje? Mtu amekunywa, akaona chupa imepungua, akajazia."

Alikuwa mpima ardhi mstaafu, mrefu, mwembamba, anayesimama kana kwamba yeye ndiye kigingi cha mpaka. Tangu astaafu alihamishia vipimo vyake kwenye glasi. Chumba cha kufulia nguo kilikuwa baa sasa. Mashine ya kufulia ilifunikwa kitambaa cheupe, juu yake pakapangwa vitikisio, vichujio na vijiko vya shingo ndefu. Maganda ya limau yalining'inia kwenye kamba ya kuanikia, yamebanwa kwa vibanio vya nguo. Rafuni zilipangwa chupa ambazo Mama Pua hakuzoea kuziona pamoja: pombe kali ya tende, ya asali, ya pea, ya mchele, ya karoti. Mzee hakutaka kinywaji chochote kibaki kama kilivyozaliwa. Mojito aliitengeneza kwa pombe ya tende, daikiri kwa ya asali. Martini, ambayo dunia nzima huitengeneza kwa jini na divai ya mitishamba, yeye aliitengeneza kwa pombe iliyokenekwa kutoka kwenye bitiruti, kisha akatia kipande cha bitiruti mbichi ili ipate rangi.

"Chupa hii ilikuwa ya nani?" Mama Pua aliuliza.

"Ya wageni wa leo saa kumi."

"Wageni gani?"

Binti wa mzee alijibu badala ya baba yake. Alikuwa fundi umeme, na bisibisi ilikuwa bado imechomoza mfukoni mwa suruali yake. Yeye ndiye aliyempigia simu Mama Pua asubuhi ile.

"Wazazi wa mchumba wangu, shangazi. Wanakuja kupanga siku ya harusi. Na baba anasema hawatavuka geti."

"Hawatavuka," mzee alithibitisha. "Nitawaambia palepale nje: mmezaa mwizi, rudini naye."

Mwizi aliyekusudiwa, yaani huyo mchumba, alikuwa kinyozi. Alilala kwenye nyumba hiyo siku mbili, akisaidia kupaka rangi sebule ili wazazi wake wakute kuta safi. Asubuhi mzee alipokuta chupa imepasuka, aliiacha frizani kama ushahidi mpaka Mama Pua afike, akaenda moja kwa moja kwenye begi la kijana, akalipekua, akatoka na chupa ndogo bapa, tupu, ya vodka.

"Ushahidi huo hapo," alisema, akimkabidhi Mama Pua ile chupa kwa vidole viwili. "Alihamishia martini yangu humu, akanywa pole pole kama dawa ya kikohozi."

Mama Pua alifungua kizibo, akaweka pua, akafunga.

Mke wa mzee aliingia na sinia la chai na kopo la sukari, akaliweka karibu na mzee na binti huku Mama Pua akikagua rafu. Mama Pua alichukua kikombe, akaonja kidogo, akakirudisha kwenye kisahani. Chai ilikuwa tamu kiasi kwamba kijiko kingeweza kusimama peke yake. Alishukuru kwa adabu, akatoka nje kumtafuta mshukiwa.

*

Kinyozi alikuwa amekaa barazani juu ya begi lake, kama abiria aliyeachwa. Mkono mmoja ulikuwa na rangi ya ukutani mpaka kwenye kiwiko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hii chupa ni yako?"

"Ni yangu."

"Ya nini?"

"Ya kusafishia mashine za kunyolea. Vodka inaua vijidudu."

"Mashine ziko wapi?"

"Ziko kazini."

"Kwa hiyo ulibeba dawa ya mashine, ukaziacha mashine."

"Ndiyo, mama."

"Na dawa imekwisha."

Kijana aliangalia viatu vyake. "Huwa inakauka hewani."

"Ikiwa imefungwa kizibo?"

Binti alikuwa amemfuata Mama Pua, akasimama mlangoni.

"Mwambie ukweli," alimwambia mchumba wake. "Huyu shangazi nimemleta kwa ajili yako. Ukiendelea kudanganya kama mtoto wa chekechea, baba ataamini anavyotaka."

"Sijaiba."

"Hilo najua. Ulifanya nini?"

"Sijaiba," alirudia, akafunga mdomo namna ambayo hata nyundo isingeufungua.

Mama Pua alimtazama vizuri. Mwizi akibanwa huongea, hutoa maelezo matatu pale ambapo moja lingetosha. Huyu alikuwa na uongo mmoja tu, mbovu, na hakutaka hata kuupiga pasi.

"Martini ya mzee uliwahi kuionja?"

"Kijiko kimoja."

"Ukaionaje?"

Kijana aligeuza uso kuelekea uani. "Mzee ni mtaalamu," alisema.

Mama Pua alirudi ndani.

*

Jikoni mke wa mzee alikuwa anamenya limau kwa kisu kidogo, ganda likitoka refu bila kukatika.

"Mimi sijanywa hata tone, dada yangu," alisema kabla ya kuulizwa. "Pombe ya bitiruti inanikumbusha kulima."

"Lakini unaelewa namna zinavyotengenezwa."

"Nani? Mimi?" Kisu kilisimama. "Mimi ndiye ninayeelewa. Mume wangu ana moyo, ana vipimo, ila hizi za kuweka friza zinamshinda. Ngoja nikueleze. Kokteli ya kawaida unaitikisa na barafu, sivyo? Barafu inayeyuka kidogo, na hayo maji ndiyo yanayoilainisha. Ya friza haikutani na barafu kabisa. Inamiminwa hivyo hivyo. Kwa hiyo lazima mtu atie maji mapema, kiasi cha robo hivi. Usipotia, mgeni anapigwa na pombe usoni kama kofi."

"Na mzee huwa hatii?"

Mke wa mzee alishusha sauti. "Husahau. Umri. Usimwambie nimesema."

"Uliwahi kumwambia yeye mwenyewe?"

"Dada, huyo ni mume wangu. Nimuumbue kwa ajili ya maji?"

Mama Pua alipita kwenye sinki akainamia tundu la maji machafu. Harufu ya bitiruti ilimpokea, udongo uliolowa mvua, na nyuma yake limau. Alijifuta ncha ya pua kwa leso.

"Kuna mtu amemwaga humu," alisema.

Mke wa mzee alirudi kumenya limau kwa bidii kubwa.

*

Kaka wa mke wa mzee, ambaye nyumba nzima ilimwita Mjomba, alikuwa amejilaza kwenye kochi la sebule yenye harufu ya rangi mpya. Kwa sifa zake za mtaani alistahili kushukiwa kabla ya mtu yeyote, na yeye mwenyewe alilijua hilo, na alikuwa amekasirika kwamba hakushukiwa.

"Yaani mimi nipo ndani ya nyumba," alilalamika, "pombe inaibiwa, halafu wanamkamata kinyozi. Hii ni dharau."

"Uliiba?"

"Sikuiba. Lakini mtu angeuliza."

"Nimeuliza."

"Basi asante." Alijiinua, akatengeneza kola. "Mama, mimi ni mnywaji. Sikatai. Ila mnywaji ana heshima zake. Siwezi kuiba kitu kilichotoka kwenye bitiruti. Leo bitiruti, kesho shemeji atakamua soksi. Mimi hapo ndipo ninapochora mstari."

"Hukuigusa kabisa?"

"Sikuiiba," alisema Mjomba.

"Nimeuliza kugusa."

Alikohoa. "Kugusa ni neno pana. Hebu nikuulize wewe: kokteli inayokaa friza inahitaji nini?"

"Nimeambiwa inahitaji maji."

"Ahaa. Nani kakuambia? Humu ndani hakuna anayejua hilo isipokuwa mimi. Shemeji hajui. Dada yangu ndiyo kabisa. Wanasoma, wanatazama video, lakini anayejua kinywaji ni mnywaji. Ile chupa, wangewapa wageni vile ilivyokuwa, baba wa kijana angetoka humu amebebwa." Aliegemea tena kochi. "Mimi sisemi. Ni nyumba ya shemeji. Natazama tu."

Mama Pua aliweka mikono nyuma. Kisha akauliza jambo ambalo Mjomba hakulitegemea.

"Ile chai yangu ilipopita hapa, uliifanya nini?"

"Chai? Niliongeza sukari. Dada yangu huwa anaitoa chungu. Sikutaka mgeni apate shida."

*

Aliwaita wote kwenye chumba cha baa. Walibanana kati ya rafu na mashine ya kufulia, huku barafu ya waridi ikianza kutoa machozi kwenye sinia. Mzee alisimama mbele. Kinyozi alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, begi likiwa begani tayari.

"Saa tisa imeshapita," mzee alisema. "Kama umempata, sema, nikasimame getini."

"Kwanza nina swali kuhusu chai," Mama Pua alisema. "Nani aliweka sukari kwenye kikombe changu?"

"Mimi," alisema mama, mwenye kupika chai.

"Mimi," alisema Mjomba.

"Mimi pia," alisema mzee. "Vijiko viwili. Mke wangu huogopa sukari."

Wakatazamana. Binti alijifunika mdomo. "Na mimi, shangazi," alisema kwa sauti ndogo. "Nilidhani hawajaweka."

"Hakuna aliyemuuliza mwenzake?"

"Kwa nini umuulize mtu akajisikia vibaya?" mama alisema. "Unarekebisha tu, unapita."

"Sawa," Mama Pua alisema. "Basi tangu nifike nimekuwa nauliza swali baya. Nimezunguka nyumba nzima nauliza nani ameiba. Sasa nauliza nani amerekebisha. Baba, martini ulipoitengeneza, ulitia maji?"

Mzee alijinyoosha. "Kwani mimi mtoto? Kokteli ya friza lazima itiwe maji. Nilipima robo, nikatia, nikafunga."

"Ulitia?" mama alisema.

"Siku zote natia."

"Siku zote," mama alirudia taratibu, na ilionekana anahesabu karamu nyingi zilizopita. "Mungu wangu. Na mimi siku zote natia."

Mzee alimgeukia mke wake kama mtu aliyekuta jirani kajenga choo ndani ya kiwanja chake.

"Chupa ilikuwa imejaa," Mama Pua aliendelea. "Ili utie maji lazima kwanza upunguze. Mama alipunguza kwenye sinki, bado linanuka. Ndiyo maana baba hakuona tofauti. Chupa ilikuwa imejaa palepale ulipoiacha, ila ndani mlikuwa na kingine."

"Nilimwaga kidogo sana," mama alisema.

"Mjomba naye akapunguza."

"Mimi sikumwaga," Mjomba alisema kwa uchungu. "Mimi nimwage? Nilichopunguza nilikinywa. Ndipo nikatia maji. Ilikuwa kali, jamani. Ilikuwa inachoma. Nyie mnasema mlitia maji, mlitia wapi?"

Hapo Mama Pua aliinua kidole.

"Hilo ndilo lililonisumbua. Baba ametia maji, mama ametia maji. Ilipomfikia Mjomba ilitakiwa iwe nyepesi kama maji ya kuoshea mchele. Mbona aliikuta inachoma?"

Aliichukua ile chupa bapa, akaifungua, akampelekea mzee puani.

"Nusa, baba. Umesema kijana alihamishia martini yako humu. Bitiruti iko wapi?"

Mzee alinusa. Akanusa tena, akakunja uso. "Hii ni vodka ya dukani. Ile ya kuchoma pua."

"Vodka tupu. Bitiruti ikiingia kwenye chupa haitoki leo wala kesho, hata uoshe. Humu haijawahi kuingia. Kwa hiyo hakuna kilichoingizwa kwenye chupa hii, kuna kilichotolewa. Kijana, kilikwenda wapi?"

Wote waligeuka. Kinyozi alishika mkanda wa begi kwa mikono miwili.

"Kilikwenda kwenye mashine," alisema.

"Mashine gani, wewe?" binti alisema. "Mashine ziko kazini. Umesema mwenyewe. Baba yako na mama yako wako njiani, watafika hapa watukanwe getini mbele ya majirani, kwa sababu unaona haya kusema. Unamlinda nani?"

Kinyozi alimtazama mzee, akatazama sakafu.

"Mzee alinituma barafu," alisema. "Nikaona chupa, nikaonja kijiko kimoja. Ilikuwa nyepesi. Samahani, mzee. Ilikuwa kama glasi iliyooshwa. Na baba yangu ni mtu wa kucheka watu. Akikaa mahali akapewa kitu kibovu, anacheka, halafu anasimulia kila siku mpaka mnazeeka. Sikutaka akucheke wewe. Nikaenda dukani nikanunua vodka, nikapunguza kidogo ile yako, nikaongeza hiyo. Nilisema nikinyamaza hakuna atakayejua ilikuwa nyepesi."

"Nikaja mimi nikaikuta inachoma," alisema Mjomba.

"Ukatia maji," alisema mama.

"Nikatia mengi. Niliogopa."

"Ikaganda, ikapanuka, ikapasua kioo," alimaliza Mama Pua. "Hakuna mwizi. Kuna watu wanne wenye adabu."

Mzee alikuwa amesimama mbele ya sinia. Alitazama barafu yake, akatazama rafu zake zote, pombe ya tende, ya asali, ya pea, na ilikuwa wazi anajiuliza ni ngapi kati ya hizo zilikuwa zake mwenyewe. Halafu akageuka.

"Kijana."

"Naam, mzee."

"Niliingiza mkono kwenye begi lako. Nimekosa. Nisamehe."

"Yameisha, mzee."

"Hayajaisha." Alisogea karibu. "Hiyo vodka uliyotia kwenye martini yangu ni ya ovyo."

"Mume wangu," mama alinong'ona.

"Niache niseme. Ni ya ovyo kabisa. Hata mashine zako ungeziharibu."

Mjomba aliinamisha kichwa kama mtu aliye msibani.

"Ni kweli, baba. Duka lilikuwa na hiyo tu," kinyozi alisema.

Mzee alisikia alivyoitwa. Hakulikataa jina.

"Na wewe una la kusema kuhusu yangu?" aliuliza. "Sema sasa hivi, hapa, machoni pangu. Usiende kununua chupa."

Kinyozi alimtazama mchumba wake. Binti alimpa ishara kwa kidevu: endelea.

"Bitiruti imezidi, baba," alisema. "Mtu akinywa anaona kama analamba shamba."

Nje, mkono ulibisha geti, na sauti ya mwanamume ilisikika ikiuliza kama hapa ndipo kwa mpima ardhi, kisha ikacheka kwa jambo lake yenyewe. Kinyozi alifumba macho. Mama Pua alichukua mkoba wake, lakini hakuondoka, alitaka kuona.

Mzee alipanda juu ya kigoda, akateremsha chupa ya mwisho ya pombe ya bitiruti aliyokuwa ameificha nyuma ya sabuni ya unga. Akachukua kikombe cha kupimia, akakiweka kwenye kiganja cha kijana chenye rangi ya ukuta.

"Imezidi kiasi gani? Nionyeshe." Kisha, bila kugeuka: "Mke wangu, kafungue geti. Waambie wakae sebuleni, ila wasiegemee kuta, rangi haijakauka. Shemeji, lete barafu. Na wewe binti yangu, leta maji ya kunywa, uyaweke hapa katikati. Leo yatatiwa mara moja tu, na kila mtu anaangalia."